Mguu wa Kumalizia

Tarehe 3 Februari

Baba, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili. Koo ndilo limekwisha, maana jana nimemfokea shangazi kwenye simu mpaka jirani akanigongea ukuta. Nikuulize hali yako? Nitakuuliza, kwa kuwa ndivyo ulivyonilea, ila jibu ninalo tayari: ulipata kiharusi mwezi wa kumi na mbili, mguu wa kushoto hausikii, ulimi umekuwa mzito, na mimi mwanao wa pekee nimeyajua jana. Tena kwa bahati mbaya. Shangazi aliteleza akasema "tangu baba yako alipoanguka," halafu akajaribu kunigeuzia habari za mvua.

Anasema unakaa palepale karibu na simu lakini hutaki kuishika, eti sauti yako sasa ni ya mlevi na hutaki niisikie. Haya. Tuandikiane kama zamani. Mkono wa kulia unao, na kwa mwandiko wako hata wenye mikono yote miwili mizima wangekuonea wivu.

Nimeambiwa pia kuhusu hospitali. Walikulaza siku nne, wakakupa karatasi yenye picha ya mtu asiye na uso anayenyanyua mguu, wakasema fanya hivi nyumbani. Baba, hiyo si tiba. Huko ni kumfukuza mtu kwa adabu. Mtu amebeba mabegi ya wacheza gofu kwa miaka kumi na tisa, akawafundisha wenye mabegi hayo kwa miaka ishirini na miwili mingine, na siku mwili wake unapomgomea anapewa mchoro!

Ningekuja. Unajua ningekuja. Hati zangu za ukaazi ziko kwenye ofisi ya uhamiaji ya huku tangu mwaka jana, na nikitoka kabla hawajazirudisha, mlango unafungwa nyuma yangu. Kila wiki naenda kuuliza, kila wiki yule bwana wa dirishani ananiambia "bado" kwa sauti ya mtu anayetafuna.

Kwa hiyo nasema hivi. Ninachofanya hapa kutwa, siku sita kwa wiki, ni kuwafundisha wacheza gofu kutoa uzito mguu wa kulia na kuufikisha mguu wa kushoto bila kuanguka. Nani alinifundisha? "Wa kulia ni wa kujikusanya, wa kushoto ni wa kumalizia. Asiyeweza kusimama akahesabu hadi tatu baada ya pigo, hajapiga mpira, ametishia nzi." Wenzako walikuita Nanga kwa sababu ukimaliza pigo hata upepo ulikuwa unakuzunguka. Sasa mguu wako wa kumalizia umelala. Mimi naamsha miguu ya kumalizia. Nipe ruhusa nikufundishe.

Mwanao,
uliyemwita Bi Mashtaka


Tarehe 18 Februari

Mwanangu Bi Mashtaka,

Marahaba. Barua yako imefika salama, ingawa nilishangaa kuona bahasha haijaungua. Sisi hapa tunashukuru. Shangazi yako hajambo ila alinuna siku mbili, na ukumbuke kwamba ukimfokea yeye, mimi ndiye ninayeletewa chai bila sukari.

Umeniuliza hali. Mguu huu ni kama begi la mwenye klabu: naubeba kila ninapokwenda, lakini si wangu, na ukiangushwa nalaumiwa mimi. Asubuhi nautoa kitandani kwa mikono. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua tisa. Zamani zilikuwa nne. Shangazi yako ameleta kile kiti cha chuma cha kusukuma nikitembea. Nimekataa. Ninao mwavuli mkubwa walionipa siku ya kustaafu, wenye nembo ya klabu. Ni mara ya kwanza mwavuli ule kunifaa, kwa hiyo usianze kuutukana.

Hukuelewa kwa nini nilikuficha. Sikutaka ukae huko unaniwaza nimekaa. Unijue nimesimama.

Nakubali unifundishe. Sikuwahi kudhani nitayaandika maneno hayo, na nimeyaandika polepole. Lakini nina sharti moja. Usiniletee habari ya mteremko. Unakumbuka ile barua yako ya kwanza ulipofika huko, miaka ishirini na miwili iliyopita. Ulisema nimekufundisha makosa. Kwamba kwa sababu sisi wabeba mabegi tulikatazwa kupigia mipira kwenye uwanja tambarare, tukajifunzia nyuma ya banda la mashine za kukata nyasi, mguu wa kushoto ukiwa upande wa chini, basi si miguu yetu iliyokuwa ikihamisha uzito, ni kilima. Niliichana hapohapo. Ardhi ile ilifundisha watu thelathini pamoja na wewe. Ukiitaja tena, naacha kusoma, na unanijua.

Nasubiri somo.

Baba yako


Tarehe 4 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini chai imerudi kuwa na sukari. Mimi sijambo. Sharti lako nimelimeza kama mwiba wa samaki: limepita, lakini najua lilipopita. Hilo neno hutaliona kwangu.

Somo la kwanza. Simama ubavu kwa ukuta, mkono wa kulia ukiugusa. Miguu ipanuke kama mabega, usijibane kama uko kwenye foleni ya benki. Magoti yalegee kidogo. Halafu hesabu.

Moja: uzito wote kulia. Hapo huna shida, umeishi huko tangu mwezi wa kumi na mbili.

Mbili: rudi katikati. Hapa ndipo penye kazi. Katikati hakuna mguu unaokumiliki. Wazee wote wakifika hapa hutanguliza bega, na bega likitangulia, kichwa kinafuata, na kichwa ni kizito kuliko wanavyodhani. Wewe tanguliza kiuno. Kiuno kiende kushoto kana kwamba mtu mnene amekaa kulia kwako kwenye benchi na unampisha.

Tatu: umefika kushoto. Kisigino cha kulia kinanyanyuka chenyewe, ukikinyanyua kwa nguvu umedanganya. Kaa hapo. Hesabu hadi tatu, kama ulivyotuhesabisha.

Hapa kazini tunasimama juu ya sahani ya chuma inayopima uzito wa kila mguu, namba zinatokea ukutani. Nina mwanafunzi mmoja, mwalimu mstaafu, anaapa kwamba amehamia kushoto. Namba zinasema themanini kulia, ishirini kushoto. Namwonyesha, anasema sahani ni mbovu. Huwa nacheka. Kwako siwezi kucheka, kwa sababu sina sahani chini ya miguu yako. Ninachopata ni maneno yako tu, wiki mbili baada ya kuyaandika. Kwa hiyo usinitie moyo, baba. Niandikie ukweli. Mimi sijawahi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe usianze.

Ukifikisha tatu mara kumi bila kutetemeka, nijulishe. Somo la pili ni kuachia ukuta.

Mwanao


Tarehe 23 Machi

Mwanangu,

Marahaba sana. Hapa ni salama, na leo naiandika salama hiyo kwa wino mzito.

Jumatatu: sikufika hata mbili. Jumanne: nilifika mbili, nikatokwa jasho, nikarudi kukaa. Alhamisi nilikasirika, nikabadilisha mipango kidogo, na jioni nikafika tatu. Jana nimefika tatu mara kumi na nne. Kumi na nne! Shangazi yako alihesabu kwa sauti, na unajua shangazi yako akihesabu hupunguza, haongezi.

Kisigino cha kulia kilinyanyuka chenyewe, kama ulivyosema. Nilisimama juu ya mguu huu uliokufa, nikatazama mbele, kidevu juu. Sikutetemeka. Ule mfano wako wa mtu mnene kwenye benchi ni mzuri, ingawa mimi nilimfikiria katibu wa klabu.

Nilishika mwavuli, si ukuta. Ukuta hauna heshima.

Nipe somo la pili. Usinicheleweshe. Nimeanza kuota nikitembea, na ndotoni sina mwavuli.

Baba yako, Nanga


Tarehe 6 Aprili

Baba yangu Nanga, shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti.

Sina ugonjwa wowote leo. Nimeibandika barua yako kwenye kabati langu kazini. Yule mwalimu mstaafu nimemsomea habari za mara kumi na nne, akapanda kwenye sahani bila kubishana kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nao wale wa hospitali wako wapi? Wako wapi na mtu wao asiye na uso? Miezi mitatu walikuacha unakokota mguu kwa hatua tisa, na wiki tatu za barua zimekufikisha kushoto. Siku hati zangu zikitoka nitakuja na barua zako zote, niziweke juu ya meza yao, niwaulize wamesomea nini.

Somo la pili. Tafuta mahali pa ndani, pasipo na zulia. Ile njia nyembamba kati ya chumba chako na jiko inafaa. Peku. Mwavuli mpe shangazi, naye asikushike, asimame tu pembeni. Anza moja, mbili, tatu, kama ulivyofanya. Lakini sasa mkono hauna cha kugusa.

Na hili lishike zaidi ya yote: usisite kwenye mbili. Anayesita katikati ndiye anayeanguka. Ulishafika kushoto mara kumi na nne, mguu unakujua. Jiachie uende. Utapokelewa.

Ungeona namba ninazoziona mimi hapa watu wanaposita! Uzito unayumba kama mtu aliyesahau amefuata nini chumbani. Wewe si wa hivyo. Wewe ndiye uliyetukataza kusita.

Mwanao anayekuamini


Tarehe 10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Somo la pili halijafika, nadhani liko njiani linagombana na mtu wa posta. Sisi wazima. Shangazi yako anakusalimu, amenunua viatu.

Nimeshindwa kuvumilia, kwa hiyo nakupa siri. Sharti nililiweka mimi, nalivunja mimi. Unakumbuka nilikuambia kwamba siku ya Alhamisi nilibadilisha mipango? Ndani ya nyumba nilikuwa nashindwa. Ukutani pale nilisukuma, nilimpisha huyo mtu mnene, nilitukana kimoyomoyo, mguu ukakataa. Nikamwambia dada yangu anipeleke nyuma ya banda la mashine. Palepale. Nyasi bado ni zilezile, hata lile jiwe la kuwekea mipira lipo. Nikasimama kama tulivyokuwa tunasimama, mguu wa kushoto upande wa chini, nikitazama mtaro. Nikahesabu moja, mbili, na tatu ikaja yenyewe.

Kila siku nakwenda pale. Kilima ulichokiita makosa ndicho kilichouamsha mguu wa baba yako. Sasa nani mwenye mashtaka? Nataka jibu la maandishi, na nataka lianze kwa "Nilikosea."

Baba yako, mwalimu wako


Tarehe 24 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako ya tarehe kumi nimeipata jana mchana, nikiwa kazini. Nilipofika kwenye maneno "nyuma ya banda" sikuendelea. Nilipiga simu nikiwa bado nimesimama juu ya sahani. Simu iliita mara tatu. Shangazi akapokea, nikasikia mwangwi wa ukumbi mkubwa na magurudumu, nikajua ni hospitali kabla hajasema.

Anasema somo la pili lilifika tarehe ishirini. Ulilisoma mara mbili, ukalala nalo, na kesho yake asubuhi ukavua viatu. Anasema hukusita hata kidogo.

Nyonga ya kushoto. Nimemwuliza imevunjika wapi, akasema, "Mwanangu, mimi nijue wapi? Imevunjika." Kisha akalia, nami nikashindwa hata kufoka.

Sikukuuliza ulisimama wapi. Nilikufundisha bega, kiuno, kisigino, hesabu, na sikukuuliza chini kulikuwaje. Uliniandikia kwamba hukushika ukuta, na mtoto mdogo angejiuliza, basi alikuwa nje? Mimi nikaona kichekesho. Pole, baba. Neno hili ni dogo mno, lakini sina jingine.

Usinyanyuke bila wao kukuambia. Ugeuzwe ubavu kila baada ya saa mbili, mwambie shangazi asione haya kuwaita wauguzi. Kunywa maji. Ofisini nilikwenda asubuhi hii, bwana wa dirishani amesema "bado."

Ukurasa wa pili ni wa lile jambo. Umesema mwenyewe unataka jibu la maandishi.

Mwanao

*Ukurasa wa pili*

Nitalisema mara moja. Mteremko ulikuwa unatuhamishia uzito. Ndiyo, baba, ulikuja wenyewe, na ndiyo maana haukuwa wako. Tulionekana wacheza gofu hodari kwa sababu ardhi ilikuwa ikitusukuma mgongoni. Sikusema kosa ni lako. Sikusema hivyo hata mara moja, ungesoma ile barua hadi mwisho ungeona. Kosa ni la waliochora mstari wakasema tambarare ni ya wenye mabegi, mteremko ni wa wabebaji. Wao walikuwa na hekta nzima iliyonyooka kama meza, na haikuwagharimu kitu kumwachia mtu kona moja. Wakakunyima kona ile miaka arobaini na moja, halafu wakakupa mwavuli!

Unajua nilipofika hapa ilinichukua muda gani? Siku ya kwanza juu ya sahani namba zilisema tisini kulia, kumi kushoto. Mimi, mwana wa Nanga. Watu walikohoa ili wasicheke. Ilinichukua miaka miwili, baba. Miaka miwili kujifunza kufika kushoto mahali ambapo hakuna kinachonisukuma, nami nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na miguu yote miwili mizima. Niliyajua haya. Nimeyajua miaka ishirini na miwili, na nikakuambia "jiachie, utapokelewa."


Tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimerudi nyumbani. Mwandiko usikushangaze, naandika nimelala, karatasi iko juu ya sinia. Shangazi yako mzima, amekonda kidogo. Viatu vipya hajavivaa.

Barua yako nimeisoma ukurasa wa kwanza. Wa pili niliona neno lile mstari wa juu kabisa, nikaukunja. Uko chini ya mto. Najua niliuomba mwenyewe, ila nilidhani ningeusoma nimesimama. Nitausoma siku nikisimama.

Usijilaumu. Nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ni mtu wa vipimo. Moja ilikuwa nzuri. Mbili ilikuwa nzuri. Nilitanguliza kiuno, sikusita, nikajiachia, halafu nikasubiri ardhi inichukue kama kila siku. Haikunichukua. Sakafu ilikaa kimya tu. Muda ulikuwa mrefu, mwanangu, nilipata hata nafasi ya kumwona dada yangu akiutupa mwavuli.

Juzi walikuja watu wawili wakanisimamisha kando ya kitanda. Mmoja huku, mmoja huku, wamenibeba makwapani kama begi. Nikahesabu. Moja, nikaipata. Mbili, nikaipata. Nikakaa hapo nikiingoja tatu mpaka mikono yao ikachoka, wakanirudisha.

Daktari alizungumza na shangazi yako nje ya mlango. Shangazi yako aliporudi akanipa chai yenye sukari vijiko vitatu. Sijamwuliza walisema nini. Nimeinywa.

Nina swali moja, na ni swali la mwanafunzi, kwa hiyo usinicheke. Hapa nilipo ni tambarare: kitanda, sakafu, kila kitu. Sijui kufika kushoto kwenye tambarare. Sikufundishwa, na sikuwahi kukuuliza wewe ulifanyaje. Ulipofika huko, ilikuchukua muda gani?

Baba yako


Tarehe 26 Mei

Baba yangu, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako imenikuta vizuri.

Swali lako ni jepesi. Ilinichukua wiki sita. Wiki ya kwanza na ya pili sikupata kitu, kama wewe. Ya tatu nikakaa kwenye mbili tu, kama wewe. Ni kawaida, wote hupitia hapo. Wiki ya sita nikafika.

Kwa hiyo kaa kwenye mbili bila wasiwasi. Wakikusimamisha tena, usiisake tatu. Hesabu mbili, pumua, rudi ukalale. Kesho tena.

Ule ukurasa wa pili usiusome. Mpe shangazi awashie jiko. Ulikuwa hasira zangu tu, hauna kitu ndani.

Nilikosea.

Mwanao